Swali la Msomaji na Jibu la Katalogi

Chombo cha kutafutia cha maktaba, kiwe droo ya kadi za zamani au katalogi ya kompyuta, hupokea maneno na kuyalinganisha na maneno mengine yaliyoandikwa kwenye rekodi za vitabu. Msomaji naye haji maktaba kwa ajili ya maneno. Huletwa na shida: mtihani, kesi, ugonjwa wa mtoto, ubishi usiokwisha au shaka katika jambo la dini. Maneno anayoyaandika ni alama tu ya shida hiyo, tena mara nyingi ni alama hafifu. Kwa hiyo anayechunguza kama chombo kinajibu vizuri hukutana mapema na fumbo: hawezi kusema jibu ni zuri kabla hajajua swali lilikuwa lipi, na swali lenyewe halimo kwenye kompyuta. Hapo kazi iliyoonekana kuwa ya kiufundi hugeuka kuwa ya kifalsafa.

Dar es Salaam inalionyesha fumbo hili waziwazi, kwa kuwa maktaba zake zimekua na wasomaji wake wanatofautiana sana. Huduma ya maktaba za umma iliundwa kwa sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Nje ya katikati ya jiji vikaja vyuo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina makao yake Kinondoni na huhudumia watu wengi ambao tayari wana kazi na familia. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilianzishwa Chang'ombe, Temeke, mwaka 2005 kuandaa walimu. Mlimani, katika eneo lililokuwa chini ya Kinondoni kabla ya Ubungo kuwa wilaya peke yake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata mwaka 2018 maktaba mpya yenye nafasi ya vitabu 800,000. Rafu za ukubwa huo hakuna awezaye kuzipitia kwa macho. Kadiri mkusanyo unavyokua ndivyo msomaji anavyozidi kutegemea kisanduku kidogo cha kutafutia, na ndivyo kisichoonekana humo kinavyohesabiwa kuwa hakipo.

Swali moja kwa karibu

Chukua mfano wa mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu Huria, mkazi wa Mbagala. Jirani yake amefiwa na mume, na ndugu wa marehemu wanaidai nyumba. Mwanafunzi anaandika kwenye kisanduku: mirathi ya mjane. Katalogi nyingi za vyuo nchini zimejengwa juu ya vichwa vya mada vya Kiingereza, hasa vile vya Maktaba ya Bunge la Marekani. Isipotokea kitabu chenye maneno hayo ya Kiswahili katika jina lake, matokeo yatakuwa sifuri, hata kama rafuni pana vitabu vya sheria ya urithi. Akibadilisha lugha na kuandika kwa Kiingereza, ataletewa orodha ndefu, ikiwemo ya vitabu vya sheria za India, na hivyo atavipita upesi akiona havimhusu.

Kumbe huenda vinamhusu. Mirathi Tanzania Bara hutawaliwa na mifumo mitatu: sheria za kimila, ambazo sehemu yake ilitangazwa rasmi mwaka 1963, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa wakati wa ukoloni na kuendelea kutumika. Mfumo upi utumike hutegemea dini na namna marehemu alivyoishi. Kuna pia suala la nyumba yenyewe ilivyopatikana. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri hilo lilihusu talaka, kwa hiyo anayetafuta kwa neno mjane halioni, ingawa wakili wa mjane huenda akataka kulisoma kabla ya yote.

Mkutubi mzoefu akifikiwa na mwanafunzi huyu hakimbilii rafuni. Anauliza kwanza: marehemu alikuwa wa dini gani? Ndoa ilifungwa wapi? Nyumba ilijengwa kabla ya ndoa au baadaye? Anataka insha ya chuo au anataka kumsaidia mtu? Baada ya majibu manne, swali lililoletwa mezani si lile tena. Lilikuwa ombi la vitabu kuhusu wajane. Sasa ni kutaka kujua sheria ipi inaitawala nyumba fulani. Tena yawezekana msaada bora usiwe kitabu, bali kumwelekeza mjane mwenyewe kwenye Kituo Jumuishi cha mahakama kilichopo Temeke, kinachoshughulikia mashauri ya familia na mirathi. Kipimo kinachohesabu vitabu vilivyopatikana kitaandika kwamba utafutaji huo haukufaulu.

Vipimo na mipaka yake

Kupima vyombo vya kutafutia kwa utaratibu wa kisayansi kulianza Uingereza, katika Chuo cha Usafiri wa Anga cha Cranfield, ambako mkutubi Cyril Cleverdon aliongoza majaribio kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Jaribio la pili, lililofanyika katika miaka ya 1960, lilitumia nyaraka 1,400 na maswali zaidi ya 200. Kutoka huko vikapata nguvu vipimo viwili vinavyotumika hadi leo. Cha kwanza ni ukamilifu: kati ya nyaraka zote zinazofaa zilizomo maktabani, chombo kimeleta ngapi? Cha pili ni usahihi: kati ya zilizoletwa, zinazofaa ni ngapi? Maktaba ikiwa na vitabu 20 vinavyofaa, na chombo kikaleta 10 ambavyo vitano tu vinafaa, ukamilifu ni asilimia 25 na usahihi ni asilimia 50. Kwa kawaida kimoja hupanda kwa gharama ya kingine: anayepanua wavu hupata samaki wengi na takataka nyingi.

Hesabu hizo ni safi, lakini zimesimama juu ya neno moja lisilo la hesabu, yaani kufaa. Katika jaribio la kwanza la Cranfield, maswali yalitungwa kutokana na nyaraka zenyewe, kisha chombo kikapimwa kama kinaweza kuirudisha nyaraka ile ile. Wakosoaji walisema swali la namna hiyo limezaliwa na jibu lake. Jaribio la pili lilijirekebisha: waandishi wa makala za kisayansi waliulizwa ni maswali gani hasa yaliyowasukuma kufanya utafiti wao. Mwaka 1992 Marekani ilianzisha mfululizo wa majaribio makubwa zaidi, yajulikanayo kwa kifupi TREC, ambamo kila swali liliambatanishwa na maelezo ya nini kihesabiwe kuwa kinafaa na nini kisihesabiwe. Hata hivyo, waamuzi wawili waliopewa swali moja na maelezo yale yale walitofautiana sana kuhusu nyaraka zipi zinafaa. Faraja ya watafiti ilikuwa kwamba tofauti hizo hazikubadili sana nafasi za vyombo: kilichoongoza kwa mwamuzi mmoja mara nyingi kiliongoza pia kwa mwingine.

Faraja hiyo inamtosha mnunuzi wa programu, ambaye anataka kujua chombo kipi kinakipita kipi. Haimtoshi anayetaka kujua kama mwanafunzi wa Mbagala amejibiwa. Vyombo viwili vinaweza kupangwa kwa haki, cha kwanza na cha pili, na vyote viwili vikamwacha msomaji pale pale alipokuwa.

Swali kabla ya maneno

Sababu ya upungufu huo ni ya kale kuliko kompyuta. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Sokrates anakabiliwa na hoja hii: mtu hawezi kutafuta anachokijua, kwa kuwa tayari anacho, wala hawezi kutafuta asichokijua, kwa kuwa hata akikutana nacho hatakitambua. Hoja inaonekana kama mchezo wa maneno, lakini kila anayekaa mbele ya kisanduku cha kutafutia huionja. Chombo kinamtaka ataje kitu ambacho, kama angeweza kukitaja sawasawa, huenda asingekihitaji.

Mwaka 1968 Mmarekani Robert Taylor alieleza jinsi haja ya kujua inavyopita ngazi nne. Kwanza ni haja isiyo na maneno, kama mtu anayehisi kuna kitu hakijakaa sawa. Kisha mwenyewe anaifahamu, lakini kwa ukungu. Kisha anaiunda kuwa swali kamili. Mwisho analipunguza swali hilo ili lilingane na kile anachodhani maktaba inaweza kutoa. Kinachoingia kwenye katalogi ni cha ngazi ya nne. Mwanafunzi wa mfano wetu hakuandika kwamba jirani yake anafukuzwa. Aliandika maneno matatu aliyodhani mashine itayaelewa. Mwaka 1980 Nicholas Belkin aliisogeza hoja mbele: anayetafuta huwa na pengo katika ujuzi wake, na kwa asili ya pengo hilo hawezi kusema hasa ni nini cha kuliziba.

Mwanafalsafa Mwingereza R. G. Collingwood, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1939, alikuwa ameshadai kwamba maana ya kauli yoyote haijulikani mpaka lijulikane swali ambalo kauli hiyo inalijibu. Kwa hoja hiyo, kitabu kile kile kilichopo rafuni ni jibu kwa mtu mmoja na si jibu kwa mwingine, bila herufi yake hata moja kubadilika. Kufaa si sifa ya kitabu kama ukubwa wake au rangi ya jalada. Ni uhusiano kati ya kitabu, mtu na shida ya wakati ule.

Mapokeo ya dini na adabu ya kujibu

Wanazuoni wa dini walilishughulikia suala hili karne nyingi kabla ya wakutubi, kwa sababu kazi yao ilikuwa kujibu maswali ya watu ambao maisha yao yangebadilika kwa jibu hilo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, Imamu Nawawi wa karne ya 13 aliandika kwa kirefu kuhusu adabu za mwenye kutoa fatwa na mwenye kuiomba. Miongoni mwake ni kulisoma swali lote kwa makini, hasa mwisho wake, kwa kuwa huko ndiko shida yenyewe hujificha. Al-Qarafi wa Misri, aliyeishi karne hiyo hiyo, alisisitiza kwamba mtu akitoka nchi nyingine, mufti asimjibu kwa desturi za nchi yake mwenyewe, bali amuulize kwanza desturi za huko anakotoka. Bila hivyo jibu linaweza kuwa sahihi kitabuni na kosa kwa muulizaji.

Mtu anayekwenda leo Kinondoni, yaliko makao makuu ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, akiuliza kuhusu talaka au mirathi, hatarajii kupewa orodha ya kurasa. Anatarajia kuulizwa: ulisema nini, lini, mbele ya nani? Kuulizwa huko hakuonekani kuwa kikwazo, bali ndiyo sehemu ya kwanza ya kujibiwa.

Katika Ukristo, Mtakatifu Augustino wa Hippo, katika kitabu chake kuhusu mwalimu, alifika kwenye jambo la karibu na hilo. Alidai kwamba maneno peke yake hayafundishi. Humwelekeza tu msikilizaji atazame, na kujua hutokea ndani yake anapoutambua ukweli. Kwa mtazamo huo katalogi haijibu kamwe. Inaelekeza, na kazi ya kutambua inabaki kwa msomaji. Chombo kizuri basi ni kile kinachomwelekeza mahali ambapo anaweza kutambua, na kibaya ni kile kinachomfanya aache kutazama.

Kimya cha mashine

Jambo linalomfanya msomaji aache kutazama upesi zaidi ni ukurasa mtupu. Sehemu ya tatizo hili ni ya kiufundi na inawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Programu nyingi za kutafutia zilitengenezwa kwa lugha za Ulaya, ambazo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Zimefundishwa kukata mwisho wa neno ili kupata ndugu zake. Kiswahili hubadilika mwanzoni: mjane, wajane, ujane; mrithi, warithi, urithi. Anayeandika mjane anaweza asione kitabu chenye wajane katika jina lake, na kukata mwisho wa neno hakumsaidii kitu. Hata Koha, programu huria iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo maktaba kadhaa za vyuo nchini zimeichukua, huhitaji kurekebishwa na wenyeji wa lugha ili iujue unasaba wa maneno hayo. Dawa nyingine ni ya zamani: mkutubi kuongeza kwenye rekodi maneno ya Kiswahili ambayo watu huyatumia, pembeni ya vichwa vya mada vya Kiingereza.

Sehemu ya pili ya tatizo ni ya kimaadili. Mashine inapoandika kwamba hakuna matokeo, inachojua ni kwamba hakuna rekodi yenye herufi hizo. Msomaji husikia jambo jingine: kwamba hakuna kitabu, au kwamba swali lake halina maana. Kwa mwanafunzi wa kwanza wa ukoo wake kufika chuo, anayekaa Tandika na kupanda daladala mbili kufika maktabani, maana hiyo ya pili huja upesi. Inasimuliwa kuwa Imamu Malik wa Madina aliulizwa maswali mengi kwa mkupuo, na sehemu kubwa akajibu kwamba hajui. Kimya chake kilikuwa na elimu ndani yake, kwa sababu muulizaji alijua mpaka wa kile alichoambiwa. Kimya cha katalogi hakina mpaka huo. Katalogi ya haki ingesema wazi: herufi hizi hazikupatikana, jaribu maneno haya, au mwone mkutubi wa zamu.

Upande wa pili wa kosa hilo umekuja na programu mpya zinazojibu kwa sentensi kamili. Hizi hazinyamazi hata pale zinapopaswa kunyamaza. Zikiulizwa kuhusu nyumba ya mjane, zinaweza kutoa aya yenye ufasaha kuhusu haki ya urithi bila kuuliza marehemu aliishi kwa sheria ipi. Ufasaha unafanya swali lisiloulizwa lisionekane kabisa.

Namna ya kuchunguza

Kutokana na hayo, uchunguzi wa haki wa chombo cha kutafutia hauwezi kutegemea njia moja. Kumbukumbu za kompyuta huonyesha maneno yaliyoandikwa, mara ngapi yalileta sifuri, na mtu alijaribu mara ngapi kabla ya kuondoka. Hazionyeshi kama aliondoka kwa kupata au kwa kukata tamaa, kwa kuwa vyote viwili huacha ukimya ule ule. Kwa hiyo mchunguzi hukaa pembeni ya wasomaji wachache na kuwaomba waseme kwa sauti wanachofikiri wakati wakitafuta. Kisha huwahoji kabla ya kutafuta na baada yake, akiwataka waeleze shida yao kwa maneno ya nyumbani bila kutaja kitabu. Tofauti kati ya maelezo hayo na maneno waliyoyaandika ndiyo data yenye thamani kuliko zote. Mwisho huwafuata baada ya muda kuuliza kama kilichopatikana kilitumika.

Njia hizi hugusa siri za watu. Anayetafuta kuhusu talaka, ugonjwa au deni anaifichua nafsi yake kwa herufi chache. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria wakutubi walikuwa na mwiko wa kutangaza mtu anasoma nini. Ridhaa ya msomaji na kufuta jina lake kwenye kumbukumbu ni sharti la uchunguzi wenyewe, kwani anayejua anatazamwa hupunguza swali lake mara ya pili.

Kuna pia wale ambao hawamo kwenye kumbukumbu yoyote. Maswali mengi ya Temeke na Kinondoni hayafiki maktaba. Huishia kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sheikh au mchungaji, kwa ndugu aliyesoma, au kwenye simu. Chombo kinachopimwa kwa waliokuja tu hupimwa na watu ambao tayari wamejifunza kuuliza kwa namna kinavyotaka. Kinaweza kupata alama nzuri kadiri kinavyowafukuza wengine. Mchunguzi anayekwenda stendi, sokoni au ofisi ya serikali ya mtaa kukusanya maswali, kisha akayarudisha maktabani na kuyajaribu kwenye katalogi, hupata picha tofauti sana, na huijua pia mipaka ya mkusanyo wenyewe: vitabu ambavyo havijanunuliwa na vile ambavyo havijaandikwa.

Ukiunganisha mambo haya, kipimo cha chombo cha kutafutia kina ngazi tatu zinazopaswa kutenganishwa. Ya kwanza ni kama maneno yaliyoandikwa yamelinganishwa vizuri na rekodi. Hili ni jukumu la watengenezaji wa programu. Ya pili ni kama vitabu vilivyoletwa vinahusu jambo lililotajwa. Hili ni jukumu la wanaoandika rekodi na vichwa vya mada. Ya tatu ni kama mtu ameweza kuuliza swali lake vizuri zaidi kuliko alipoingia, au ameambiwa kwa ukweli kwamba jibu haliko pale na aende wapi. Ngazi mbili za kwanza hupimika kwa hesabu na zinastahili kupimwa, kwa kuwa bila hizo ya tatu haifikiki. Lakini ya tatu ndiyo inayozipa hizo mbili maana, na haipimwi pasipo kumuuliza msomaji mwenyewe.